Usahihi si Uthabiti: Mizani ya Malenga na Mizani ya Mahindi

Malenga mmoja ninayemheshimu, mtu wa vina safi na mizani isiyopinda, aliniambia karibuni kwamba nimezeeka vibaya. Kosa langu ni kuwa katika mazungumzo yetu ya ushairi niliingiza habari za mizani ya kununulia mahindi. Akasema: "Mwalimu, mizani ya shairi na mizani ya sokoni ni majina tu yaliyogongana. Tuachie ushairi, na vyombo vya kupimia waachie mafundi."

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, na kupitia kwake nawajibu wote wanaodhani kwamba lugha inaweza kulelewa upande mmoja tu, upande wa mapenzi, mafumbo na maombolezo, huku upande wa vipimo ukiachwa uote magugu.

Kwanza, si kweli kwamba majina yaligongana. Wazee waliouita urari wa silabi kwa jina la mizani walijua wanachokifanya. Walitazama chombo chenye sahani mbili, wakaona ukwapi na utao. Silabi nane huku, nane kule, na masikio ya msikilizaji ndiyo mshale unaosimama katikati. Kaluta Amri Abedi alipochapisha sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954 hakulazimika kueleza kwa nini linatumika neno la dukani. Kila msomaji wake alikuwa ameona mizani.

Tena liko neno la pili, ambalo nadhani malenga wengi hawajalitazama vizuri. Wakala wa Vipimo, chombo kilichoanza kazi mwaka 2002 na kinachosimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, kinapokagua mizani ya mfanyabiashara na kuibandika stika, kazi hiyo huitwa uhakiki. Mizani imehakikiwa. Sisi nasi tukikaa na diwani ya mtu tukaichambua, tunasema tunaihakiki. Neno ni moja na mzizi ni mmoja, ule uliotupa haki na hakika. Anayesema ushairi na vipimo havijuani aanze kwa kuwaeleza wenye lugha jinsi watakavyolipasua neno hilo.

Sasa niingie katika shina la ugomvi wangu.

Nimefundisha sekondari kwa miaka zaidi ya thelathini, Tarime na Serengeti. Nilisomea Kiswahili katika chuo cha ualimu, lakini walimu wa sayansi walipopungua, jambo lililokuwa la kila mwaka, nilipewa na Fizikia ya kidato cha kwanza na cha pili. Mada za mwanzo kabisa za Fizikia ya kidato cha kwanza ni upimaji: rula, kalipa ya venia, skrubu ya mikromita, mizani ya mtambo, saa ya kusimamishwa. Nimesimama mbele ya watoto waliotoka Nyamwaga, Muriba, Sirari na Mugumu. Nyumbani wamelelewa kwa Kikurya, Kiingoreme au Kinata. Shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, na siku ya kwanza ya sekondari wanaambiwa wapime urefu wa meza kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu, ile ya Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1985 ulipita kama miaka mingine. TUKI wakatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Nakala yangu ilichakaa majalada kwa kufunguliwa, lakini mtihani ulibaki kwa lugha ileile.

Basi mtoto aliponiuliza faraghani, kwa Kiswahili, "Mwalimu, akyurasi ni nini?" nilimjibu: "Ni usahihi." Akauliza tena: "Na presisheni?" Nikafungua mdomo. Nikajibu: "Ni usahihi pia, lakini... usahihi zaidi."

Jibu hilo nimeliona aibu hadi leo. Halikuwa kosa la mtoto, na Kiswahili nacho hakikuwa na hatia. Nilikuwa nimebebesha neno moja mizigo miwili, kama punda wa mchanga. Walimu wenzangu walifanya hivyohivyo, na wengi wanafanya mpaka sasa.

Tofauti yenyewe si ngumu. Chombo huwa sahihi kama kinachokisema kiko karibu na ukweli wa kitu kinachopimwa. Chombo huwa thabiti kama, ukikirudia mara kumi kwa kitu kilekile, hukuambia jambo lilelile mara kumi. Sifa hizi mbili zinaweza kukaa pamoja, na zinaweza kuachana kabisa. Shahidi aliyefundwa uongo na akaukariri vizuri ni thabiti kupindukia. Mzee mkweli mwenye kumbukumbu hafifu, akisema leo ng'ombe walikuwa ishirini na kesho kumi na tisa, yu karibu na ukweli ingawa hana uthabiti.

Malenga wangu atasema: haya ni maneno ya darasani. Ngoja nimpeleke shambani.

Jirani yangu aliuza mahindi msimu mmoja kwa mnunuzi aliyekuja na lori na mizani ya kuning'iniza, ile ya springi yenye uso wa mviringo na mshale. Jirani akaona magunia yake yanasoma kidogo kuliko alivyozoea kuyabeba mgongoni. Akasema, "Mizani hii si sahihi." Mnunuzi hakukasirika hata kidogo. Alilipandisha gunia: 92. Akalishusha, akalipandisha tena: 92. Mara ya tatu: 92. Akawageukia watu waliokusanyika akasema, "Mnaona wenyewe. Ingekuwa mbovu ingeyumba. Hii ni sahihi." Umati ukakubali. Hata jirani yangu alikubali, akarudi nyuma, akaona haya kwa kumshuku mtu.

Tazameni ilivyofanyika. Mnunuzi alithibitisha uthabiti, akalipwa kwa usahihi. Hakuhitaji kusema uongo, maana lugha yenyewe ilimsemea. Neno lilikuwa moja tu, naye alikuwa amesimama upande wake wenye faida.

Niliitwa kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nyumbani nilikuwa na mifuko ya saruji ambayo haijafunguliwa, imeandikwa kilo 50 na kiwanda. Mfuko wa saruji si jiwe la Wakala, nakiri. Unaweza kupungua kidogo au kuzidi kidogo. Lakini haupungui kilo nne. Tukauning'iniza: 46. Mnunuzi akaonyesha ndoano tupu, mshale ukiwa umesimama palepale pa mwanzo. "Sifuri ni sifuri, mwalimu," akasema. Na hapo nikafurahi, kwa sababu alikuwa amenisaidia. Kama mshale ungekuwa umeanzia chini ya sifuri kwa kilo nne, hilo lingekuwa kosa la sifuri, nalo huchukua kilo zilezile nne kwa kila mzigo, mdogo au mkubwa. Sifuri ikiwa safi na kilo 50 zikasomeka 46, basi kosa liko kwingine. Tukaning'iniza mifuko miwili: 92. Kosa lilikuwa la uwiano, lilikua pamoja na mzigo. Kila kilo mia zilikuwa zikipoteza nane. Gunia la jirani lililosoma 92 lilikuwa na kilo mia, na magunia yake kumi yalikuwa yamempotezea kilo 80, yaani gunia pungufu ya debe moja.

Mnunuzi alifunga mizani yake na kuondoka. Sijui alikwenda wapi, ila nafahamu kwamba kijiji alikokwenda hakikuwa na neno la kumkamatia.

Ndiyo maana hunichefua nisikiapo kwamba istilahi ni kazi ya mafundi. Fundi anayo namba yake na cheti chake. Asiye na neno ni muuza mahindi, muuza kahawa wa nyanda za juu za Tarime, muuza pamba wa Serengeti, na kijana wa Nyamongo aliyeshika punje ya dhahabu kwenye karatasi. Huyu wa mwisho anahitaji neno jingine tena. Mizani yake ya kielektroniki ikiwa inaruka kwa sehemu ya kumi ya gramu, punje ya gramu 0.14 itasomeka 0.1. Hapo usahihi na uthabiti havina hatia. Mizani haina hatua ndogo ya kutosha kuiona nusu-nusu ile, na kwa dhahabu nusu-nusu ile ni chakula cha nyumba. Ninapendekeza neno hilohilo: hatua. Mizani hii ina hatua ya gramu moja, ile ina hatua ya sehemu ya mia ya gramu. Kijana atalielewa kabla sijamaliza sentensi. Na akiambiwa bei kwa wakia, aulize ni wakia ipi, kwa maana ya dhahabu ina gramu 31.1 na ya vitu vingine ina gramu 28.35.

Liko suala la chombo kuhisi. Darasani nilijaribu kutumia neno unyeti, kama ilivyopendekezwa na wengi, na kwa dakika tano sikuweza kufundisha kwa kicheko cha vijana wa kidato cha pili. Wakubwa watanikemea kwamba istilahi haiogopi kicheko. Mimi nadhani huogopa. Wananchi wanaposema redio ina usikivu mzuri, wana maana kwamba inanasa hata mawimbi hafifu. Kwa nini mizani isiwe na usikivu? Mizani ya kahawa inayosogea ukiongeza kiganja kimoja cha buni ni sikivu. Ile ambayo huongezi mpaka umimine bakuli zima ndipo mshale ushtuke, ina uziwi. Maneno haya hayakutoka kokote ila midomoni mwetu.

Na springi iliyochoka? Ipakie kidogo kidogo mpaka kilo mia, kisha ipunguze kidogo kidogo. Wakati wa kupanda, kwenye hamsini itasoma hamsini. Wakati wa kushuka, kwenye hamsini ileile itasoma hamsini na moja, kana kwamba bado inaukumbuka mzigo uliopita. Vitabu vya Kiingereza vina neno la Kigiriki kwa ugonjwa huu, refu na gumu. Mimi nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba mizani hiyo ina kinyongo. Nimeshawahi kucheka nao kwa hilo, lakini kwenye mtihani hakuna aliyelisahau.

Sikatai maneno ya kukopa. Volti na ampea zimetulia, thamometa imetulia pamoja na ndugu yake kipimajoto, na gramu haina mbadala wala haihitaji. Ninachokataa ni mkopo unaoficha kutoelewa. Mtu akisema "akyurasi" na "presisheni" bila kuweza kumweleza bibi yake tofauti, hajatajirisha Kiswahili. Amebadilisha tu sare ya ujinga. Na kundi la pili, lile la watu wanaosema Kiswahili hakiwezi kubeba mambo haya, hao nawauliza kama wamewahi kumsikia mzee wa pwani akinunua nafaka.

Kwa maana pwani walikuwa nayo haya zamani. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Na kibaba hakikuwa kibaba tu: kulikuwa na kibaba cha tele, kilichojazwa mpaka kikafanya kilele, na kibaba cha mfuto, kilichopanguswa kikawa sawa na mdomo wa chombo. Muuzaji na mnunuzi waliulizana kabla ya bei: tele au mfuto? Yaani lugha ilikwisha kuona kwamba chombo kilekile, mikononi mwa watu wawili, hutoa vipimo viwili, ikalitia jambo hilo jina ili lisemeke. Sisi tukayaacha maneno hayo kwenye kamusi. Matokeo yake tuna lumbesa. Lumbesa ni kibaba cha tele kisicho na mpaka wala adabu, gunia lililoshonewa kofia juu ya kofia, na sheria inayosema kifungashio cha mazao kisizidi kilo mia hupita kando yake kila msimu. Ukienda Sirari, ng'ambo na huku, gorogoro hujazwa kilele au hukwanguliwa kwa kiganja kulingana na anayeuza ni nani. Ugomvi husikika sokoni kila siku. Maneno mawili yanayoweza kuumaliza yalilala ukutani kama silaha za babu.

Narudi kwa malenga, kwa sababu sijamaliza naye.

Yeye hudhani mizani ya shairi haina matatizo haya. Inayo yote. Chukueni neno mbu. Peke yake ni mizani mbili, kwa kuwa ile "m" inasimama kwa miguu yake yenyewe. Liongezeni "zi", mpate mbuzi: sasa "mbu" yote imekuwa mizani moja. Sikio lisilohisi tofauti hiyo lina uziwi, hata kama mwenye sikio ameandika beti elfu. Chukueni labda: wako wanaoihesabu mizani mbili, na wako wanaoivuta ikawa tatu, kila mmoja akiapa kwa mwalimu wake. Hapo hakuna mizani moja. Kuna mizani mbili sokoni, na shairi hupimwa kwa ile inayompendeza mwenye nalo.

Ubaya zaidi ni malenga thabiti asiye sahihi. Nimesoma tungo zenye mishororo arobaini, kila mmoja una mizani kumi na tano, ukwapi nane, utao saba. Mtunzi hayumbi. Mwonyeshe mshororo mmoja atakuonyesha thelathini na tisa iliyo sawa nao, na kusema, "Unaona? Ndio mtindo wangu." Ni 92 ya mnunuzi wa mahindi. Kama ameutangaza kuwa bahari yake, sina neno. Lakini kama ameuita tarbia ya kumi na sita, basi urari wake wa makosa si ushahidi wa haki. Wahakiki wetu wa mashindano humpa alama kwa kutoyumba, kwa sababu nao wana neno moja tu la kusifia: sahihi.

Kuna chombo kimoja nakipenda kuliko vyote katika wilaya hizi, nacho ni ubao wenye alama uliosimikwa majini kwenye Mto Mara, eneo la Mara Mines, wa kusoma kina cha mto. Ubao huo hausemi uongo kuhusu kina. Lakini wingi wa maji haupatikani kwa kina peke yake. Huhesabiwa kwa kufahamu umbo la mto mahali hapo, na mafuriko yakihamisha mchanga wa chini, kina kilekile cha ubaoni huwa na maana nyingine. Wataalamu hawana budi kurudi mtoni kupima upya. Nilipopita hapo na wanafunzi nilitaka kuwaambia kwamba kanuni za ushairi nazo ziko hivyo, kwamba lugha huhamisha mchanga chini ya ubao. Nikanyamaza, maana walikuwa wanawatazama viboko.

Neno la kazi hiyo ya kurudi na kulinganisha chombo na kipimo kinachoaminika lipo tayari. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, huiita ugezi. Malenga wangapi wanalijua? Ni neno letu, dada yake ni kigezo, na mama yao ni kugeza, kufananisha kitu na mfano wake. Neno tamu kiasi hiki, lenye silabi tatu zilizopangika kwa kina chochote kinachoishia "zi", limefungiwa katika barua za ofisi, na sisi tunaojiita walezi wa lugha tunashindana nani atatumia "huba" mara nyingi zaidi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sitakuachia ushairi, na vipimo sitawaachia mafundi. Nataka uandike utenzi wa mizani, hiyo ya sokoni, wenye usahihi na uthabiti vikiwa wahusika wawili wanaodaiana barazani, kinyongo akiwa shahidi. Uandike vizuri kiasi kwamba mtoto wa Muriba aukariri kabla hajafika kidato cha kwanza. Ukishindwa kwa sababu mada haina mahaba, nitajua usikivu wa mizani yako unaishia wapi.

Mfuko mmoja wa saruji niliubakiza. Uko stoo, umevuta unyevu ukaganda wote, haufai tena kujengea. Jirani huja kuuazima kila wanunuzi wanapofika. Kwa kuwa najua unyevu umeuongezea uzito, mwaka huu niliupakia kwenye baiskeli nikaupeleka mjini kwenye mizani yenye stika ya Wakala. Ulisoma kilo 51 na robo, mara tatu. Nimeiandika namba hiyo ubavuni kwa rangi nyekundu, na tarehe chini yake.